U Kichwa Chini

4 Februari

Mdogo wangu Koma,

Salamu nyingi kutoka kwa kila mtu wa nyumba hii, na paka pia. Mama ana kusalimia. Miguu ina msumbua, lakini mdomo uko salama salimini. Juzi kamfukuza tabibu wa zahanati, eti mtu anayechelewa saa mbili hana haki ya kumwambia yeye habari za mapigo ya moyo. Mimi mzima. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba wewe, kwa hiyo mvua ikinyesha tunakutaja.

Mnara wa simu bado umelala chini tangu ulipochomwa, ndiyo maana unaona barua. Anakuletea dereva wa lori la saruji. Ni mtu mwema lakini anapenda kutia chumvi. Akikwambia nimekonda usimsikilize.

Haya, jambo lenyewe ni hili. Nimehamisha cherehani.

Usishtuke, ni kwa siku moja tu ya juma. Kila Jumanne naipakia kwenye toroli, naisukuma mpaka sokoni, naiweka katikati kabisa, pale kwenye meza za nguo, nashona. Soko unajua lilivyo tangu siku ile. Mabati yametoboka, majani yameota mpaka kiunoni, watu wa mtaa wa Juu wameziba upande wao kwa magogo na sisi wa Chini tumeziba wetu kwa matairi. Miaka miwili sasa, na kisa chenyewe ni ugomvi wa nani agawe meza! Juu hawana mashine ya kusaga, Chini hatuna mkunga, na kila upande unajifanya haujali. Mwanzoni mwa mwaka jana mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alipoteza mtoto wakati wa kujifungua, na mkunga yuko ng'ambo pale, umbali wa kumwita kwa sauti. Nilikuwa nimemshika mkono yule mwanamke. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na sasa ana mimba tena.

Nikajiuliza, hivi mshonaji akikaa mahali akashona, sheria gani inamkataza? Halafu mwanga wa pale ni mzuri kuliko wa dukani. Hiyo ndiyo sababu niliyompa kila aliyeniuliza.

Jumanne mbili nilikaa na kunguru. Ya tatu nikakuta gauni juu ya jiwe, upande wa Juu, limekunjwa vizuri, pindo limefumuka. Nililitambua kabla sijalishika, mshono wangu naujua. Ni gauni la mkunga. Nikalipiga pindo, nikalirudisha kwenye jiwe, nikaenda zangu. Jumanne iliyofuata gauni halipo, na mahali pake kuna suruali tatu.

Nitumie sindano za cherehani namba kumi na nne, pakiti mbili, na uzi mweusi. Huku vimeadimika. Na usiniulize maswali mengi.

Dada yako,
Fundi


1 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na vumbi la saruji na alama ya kikombe cha chai, bila shaka dereva ameisoma yote. Mwambie mama nimecheka peke yangu njiani habari ya tabibu, watu wakanipisha. Mimi mzima. Kazini tumemaliza kitabu cha darasa la tano. Nilikisoma mara nne, na bado kimetoka kiwandani na ukurasa wa sitini na moja mara mbili. Mkuu wetu wa chapa hajanisemesha juma zima.

Kabla ya mengine: "anakusalimia" ni neno moja. "Inamsumbua" pia ni neno moja. Tangu tukiwa watoto nakwambia, unakata maneno kama unavyokata kitambaa, halafu hushoni.

Sindano hizi hapa, na uzi. Lakini dada, una wazimu? Mji mzima umekosa mwanga mpaka ukautafute pale? Umemsahau Firimbi? Mdogo wetu alikwenda kuuza viatu, asubuhi, anapiga mluzi kama kawaida yake, na jioni tukamletea mama machela. Siku ile mimi siwezi kuiandika na sitaiandika. Nilishasema mguu wangu haukanyagi tena mahali pale, na wako pia usikanyage.

Njooni huku, wewe na mama. Nina chumba cha pili. Dirisha lake linatazama ukuta wa kiwanda, lakini ukuta haumrukii mtu na panga. Cherehani tutapata nyingine.

Jambo la mwisho. Mistari yako siku zote imenyooka kuliko ya mashine yetu. Safari hii inapanda mlima, na mahali pawili umeandika neno juu ya neno. Miwani yako iko wapi?

Mdogo wako,
Koma


19 Machi

Mdogo wangu Koma,

Sindano zimefika, Mungu akujalie. Mama kauliza kama unakula, nikamwambia unakula wino. Kasema hata utotoni ulikuwa unalamba kalamu. Hajambo, ila sasa ana taka apelekwe sokoni kwa toroli akaone mwenyewe, na mimi namwambia mama, wewe si cherehani.

Firimbi sijamsahau. Ukitaka tusigombane usiniandikie tena neno hilo. Nafikiri ninakaa pale kwa sababu yake, lakini mimi si mtu wa kujua kueleza.

Miwani ipo.

Sasa sikia. Tuko kumi na mmoja! Sita wa Chini, watano wa Juu. Mkunga mwenyewe kaja kwa miguu yake, kabeba kigoda kichwani, kapita kwenye magogo mbele ya wanaume wote wamekodoa macho. Mimi nimekaa roho mkononi, nasubiri mtu ambaye hatujasemeshana naye miaka miwili atasema nini. Kaweka kigoda. Kakaa. Kasema, "Pindo umelifupisha." Nikamwambia sikulifupisha, wewe ndiye umenenepa. Tukabishana juu ya lile pindo mpaka adhuhuri, na wenzetu wakatuamulia, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yetu ya kwanza ya amani.

Tangu hapo kila Jumanne mkunga anawapima wajawazito wa Chini kwenye banda la samaki, na sisi tunarudi na magunia ya mahindi ya Juu, tunayasaga kwetu, tunayarudisha unga. Wanaume wanaona. Mwenye Bucha, yule mkubwa wa magogo ya Juu, anasimama na panga lake anatutazama kama tunampangia kodi. Fundi Baiskeli wa matairi yetu yeye anasema haya ni mambo ya wanawake, yatajifia yenyewe. Jamani! Wao wamekaa juu ya matairi miaka miwili, hiyo ni kazi, sisi tunaopeleka unga tunacheza.

Lakini Jumanne moja haitoshi. Mtoto hachagui kuzaliwa Jumanne. Magogo yatoke na matairi yatoke, na hilo haliwezekani mpaka wote wakae wakaongee, wanaume nao. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwabembeleza. Kila mtu anasema, "Waanze wao."

Kwa hiyo tunashona kitambaa, kirefu, cha kutundika getini kwa soko. Kila mwanamke kaleta kiraka kutoka nyumbani kwake, tunaviunganisha, na juu yake herufi nyekundu kubwa: TUKUTANE SOKONI JUMAMOSI. Atakayekisoma asijue kiraka kipi ni cha Juu na kipi cha Chini. Laiti ungekuwa karibu ukisome kabla hakijapanda, nita kukumbuka siku hiyo na kalamu yako nyekundu.

Dada yako,
Fundi


24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Redio imesema mjini kwetu kimetundikwa kitambaa getini kwa soko, maandishi mekundu: TUKATANE SOKONI JUMAMOSI. Imesema ni mwito wa mauaji kutoka kwa kikundi kisichojulikana, na kwamba watu wa pande zote mbili walionekana wakienda sokoni na mapanga. Halafu ikasema barabara imefungwa. Halafu ikapiga muziki.

Kikundi hicho mimi nakijua. Ni dada yangu asiye na miwani. Herufi moja, dada! Maisha yangu yote nalipwa kutafuta herufi moja, na hii moja imenipita.

Lori limezuiwa. Dereva ataiweka barua hii kwenye gari mpaka barabara ifunguliwe. Niandikie neno moja tu. Ukilikata vipande vitano sijali, nitaviunga mwenyewe.

Koma


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama namwamkia mtu aliye hai. Kila asubuhi nakwenda kwenye kituo cha malori kabla ya kazi. Dereva akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, ili nisijisumbue kuvuka barabara. Redio haijarudia tena habari yetu. Nimeanza kufikiri redio haina habari ya watu waliorudi nyumbani salama, na hiyo ndiyo nimeishikilia.

Kama unaisoma hii, kuna jambo ambalo sikukwambia. Nilisema sitaliandika. Naliandika.

Siku ile nilikuwa naye. Mimi ndiye niliyemsindikiza Firimbi, nilitaka kununua kamba za viatu. Mayowe yalipoanza aliniambia, "Kaka, kimbia," akageuka kuchukua viatu vyake. Mimi sikukimbia na sikumfuata. Niliingia chini ya meza ya nguo. Nikakaa pale. Nilisikia mluzi wake mara mbili, ule wa kuniita, dada, ule aliokuwa anaupiga nikichelewa kutoka shule, na sikutoka. Kisha haukusikika tena.

Ndiyo maana niliondoka kesho yake baada ya maziko. Nilikwambia nimepata kazi. Kazi niliipata baada ya miezi minne.

Wewe umekwenda kukaa mahali hapo kila Jumanne na cherehani, na mimi nimekuandikia barua za kukusahihisha maneno. Nisamehe.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu, Koma wangu,

Mimi mzima! Mama mzima! Paka mzima! Barabara imefunguliwa jana, serikali haikuamini upesi kama kumetulia, dereva kaniletea barua zako mbili kwa pamoja, kazishika juu kama tiketi, anapiga kelele tangu njia panda. Nimezisoma nimesimama. Mwishowe nikakaa chini.

Nitakujibu ile ya pili. Lakini kwanza nikupe habari, maana umeteseka bure na kosa ni langu.

Miwani haipo. Haya, nimesema. Jumanne ya pili, nikiwa bado na kunguru, jiwe lilitoka sijui wapi likaipata. Jicho halikuumia. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunichukua, na nilijua pia hutakuja, na yote mawili sikuyataka.

Kitambaa tuligawana, kila mtu na herufi zake. Ile U ya katikati ilikuwa yangu. Tulizikata kwa pembe, maana mviringo unasumbua mkasi. Kitambaa hakikutosha chini ya ile U, nikaunga kiraka, na maungio nikayafunika kwa utepe mwekundu uliopita katikati ya herufi kama mkanda. Vizuri kabisa. Isipokuwa U yenyewe niliishona kichwa chini. U ya pembe, kichwa chini, na mkanda tumboni, hebu ichore uone inakuwa nini.

Tulikitundika alfajiri ya Alhamisi, mbiombio, tukiwa upande wa nyuma, tukakimbia. Hakuna hata mmoja aliyekisoma kwa mbele. Kutwa ile na Ijumaa nzima wanawake wa Juu hawakuonekana, na mtaani kwetu watu wanaponiona wanaongea kwa kunong'ona. Mimi nikafikiri wanajiandaa kwa mkutano. Nikafurahi! Nikafua hata gauni langu la kutokea.

Jumamosi asubuhi Fundi Baiskeli anapita dirishani na panga. "Fundi, leo kaa ndani. Watu wa Juu wametuita tukakatane, wameandika wenyewe getini."

Nikamuuliza wameandikaje, akanitajia herufi moja moja. Nikachukua mkasi, sindano na uzi, natoka mbio, mama huyu hapa kakaa kwenye toroli mlangoni. Sijui alifikaje. Nikamwambia mama shuka, kuna watu wana mapanga. Akasema, "Firimbi alikwenda peke yake. Wewe huendi peke yako. Nisukume."

Nikamsukuma.

Koma, wote walikuwepo. Wa Juu mstari huu, wa Chini mstari ule, majani katikati, na kila upande unaamini mwenzake ndiye kaandika. Miezi mitatu nimewabembeleza nyumba kwa nyumba, hakuja mtu. Nimekosea herufi moja, wamekuja mji mzima.

Nili kaza mwendo. Nikasukuma toroli mpaka katikati, gurudumu linalia, mama kakaa wima kama mgeni rasmi. Mwenye Bucha akatoka mbele. "Mama zangu, ondokeni hapa. Tunataka aliyeandika hii."

"Mimi," nikamwambia.

"Wewe umeandika tukatane?"

"Nimeandika tukutane. U imelala vibaya."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa nyuma akasema "Muongo huyo," na mstari wa kwetu ukasogea hatua moja, na wa kwao ukasogea. Nikaona hapa maneno hayafai kitu, mimi mkono ndio unaoongea. Nikavuta meza ya nguo mpaka chini ya kitambaa, nikapanda, nikaanza kufumua ile U. Wali simama walipo. Nilikuwa nausikia mkasi wangu ukikata uzi, mmoja mmoja, na mgongo wangu wote uko wazi kwao. Nikaukata ule utepe. Herufi ikanidondokea mkononi, nikaigeuza, nikaibana kwa pini. Ikawa U, kila mtu anaiona ni U. Lakini pini si mshono, na fundi haachi kazi kwenye pini.

Basi nikataka kutunga uzi. Sioni tundu. Najaribu, uzi unapita pembeni, najaribu, unapita pembeni. Aliye karibu yangu ni Mwenye Bucha. Nikamwinamia, nikampa sindano.

"Nitungie uzi, baba. Sina miwani."

Akaitazama sindano, akalitazama panga. Sindano haitungwi kwa mkono mmoja, mdogo wangu. Alilibana panga kwapani, likateleza. Akalibana magotini, akashindwa kusimama sawa. Mwisho akalilaza juu ya meza, miguuni pangu. Akalamba uzi, akafumba jicho moja. Akakosa. Akakosa tena. Mikono yake inakata mfupa, tundu la sindano imelijulia wapi? Jasho likamtoka. Akageuka, akamwona Fundi Baiskeli, hasimu wake wa miaka miwili, amenyoosha shingo anatazama.

"We," akamwambia, "una macho, unacheka nini? Njoo ushike sindano."

Na akaja! Kalaza panga lake kando ya lile lingine, kaja kushika sindano, na mwenzake anasukuma uzi, vichwa vimegusana, wanagombezana, "Tulia," "Tulia wewe," "Umeinamisha," "Sijainamisha." Hapo mama akapaza sauti kutoka kwenye toroli:

"Tangu darasa la kwanza huyu mwanangu anapindua U! Mwalimu alitaka kumchapa, nikamwambia mwache, herufi haiui mtu. Kumbe ilibaki kidogo!"

Mkunga ndiye aliyeanza. Cheko la mkunga unalijua, mtoto aliyegoma kutoka anatoka. Likashika wanawake, likashika mstari wa Juu, likaruka kwetu, mpaka nikaona mzee mmoja kashikilia nguzo ana cheka na machozi yanamtoka, na sikujua yale ni machozi ya nini, na mimi nilikuwa nayo hayohayo. Uzi ukaingia. Watu wakapiga makofi kama timu imefunga bao. Nikashona U yangu mbele ya mji mzima, mshono mara mbili.

Halafu hakuna aliyejua afanye nini. Wamekuja kukatana na sasa wamecheka, watarudije kwenye kununa? Wakakaa juu ya meza. Wakaongea mpaka jua likapinda, na mengine yalikuwa machungu, walitaja watu wao wote. Mwenye Bucha alimpoteza baba yake siku ileile. Mimi nilikuwa sijui, miaka miwili namwita panga lenye miguu. Meza zitagawanywa na kamati ya wanawake wanne, wawili Juu, wawili Chini. Magogo yametoka. Tumeyapasua kuni. Matairi nayo, Fundi Baiskeli ana yasukuma moja moja kwa aibu. Soko linafunguliwa kila siku, na juma lililopita mkunga kazalisha mapacha mtaa wa Chini, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, mlango wazi. Mama yao ni yule wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimshika mkono uleule. Nimelia, Koma, nimeimba, nimecheza na miguu hii.

Sasa ile ya pili.

Nilijua. Siku ile na mimi nilikuwa sokoni, upande wa pili wa meza za nguo, nyuma ya marobota. Niliziona soli za viatu vyako, zile nilizokubandikia kwa gundi. Niliusikia mluzi. Nilimwona aliko, na nikaona hakuna wa kumfikia. Na nilikuwa nasema kimoyomoyo, asitoke, asitoke, asitoke. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja. Wewe unadhani uliogopa peke yako. Ulibaki hai kama nilivyoomba, na mimi sijajuta hata siku moja. Ungeniuliza ningekwambia, lakini ulikuwa huliandiki na mimi nikawa siliandiki.

Meza niliyopanda kufumua ile U ndiyo hiyohiyo. Ndiyo ninayoweka cherehani kila Jumanne. Nilitaka iwe na kazi nyingine.

Kitambaa bado kipo getini, watu wanakipiga picha. Lakini tunataka kushona kingine, cha majina ya wote waliokufa siku ile, kumi na saba, wa Juu na wa Chini wamechanganywa. Nimewaambia wenzangu sishoni hata jina moja kama hakuna mtu wa kusoma kwanza, mtu anayejua kazi hiyo. Sitaki jina la mtoto wa mtu lipinduke. Wameniuliza kama ninaye mtu, nikasema ninaye, ila yuko mbali.

Uta kuja?

Dada yako,
Fundi


25 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo mara mbili, na moja mpelekee mama, mwambie hajakosea, ilibaki kidogo, herufi inaweza kuua.

Barua yako niliisomea kituoni, katikati ya malori. Dereva alikuwa pembeni ananitazama usoni ili ajue nimefika wapi, maana yeye ameshaisoma. Nilipofika kwenye sindano akaanza kucheka kabla yangu. Nilipofika kwenye soli za viatu akaenda kuangalia matairi yake.

Sikwenda kazini siku hiyo. Nilirudi chumbani, nikakaa mbele ya lile dirisha la ukuta, nikalia mpaka jirani akagonga. Nikamfungulia, nikamwambia dada yangu yuko hai. Ni kweli, ingawa sicho nilichokuwa nalilia. Miaka miwili nimeusikia ule mluzi ukiniuliza kwa nini sikutoka. Sikujua kwamba mahali palepale kuna mtu alikuwa ananiomba nisitoke. Usiku wa juzi nimelala mpaka asubuhi.

Mkuu wa chapa nimemwomba ruhusa. Akauliza ni ya nini, nikamwambia kuna kazi ya kusoma majina kumi na saba. Akasema hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikamwambia hapana, mzee, hiyo ni ya miaka miwili. Akanitazama, akasaini.

Miwani ninakuletea. Fundi wa miwani alinigombeza, eti namba lazima mtu apimwe. Nikamweleza kwamba anayeivaa alishona U kichwa chini na karibu aanzishe vita. Akanipa tatu nije nazo, ujaribu mwenyewe, mbili zirudi.

Jina la kwanza nimeshaliandika, lake la shule, lile ambalo hakuna aliyemwita. Nimelisoma mara ishirini. Halina kosa.

Na barua yako nimeipitia kwa kalamu nyekundu, mazoea hayana dawa. Umekata maneno mahali patano. Manne nimeyaacha vilevile, yamenipendeza. Nimeigusa sentensi moja tu, ya mwisho kabisa. Nimeunganisha "uta" na "kuja", na alama ya kuuliza nimeifuta.

Barua hii inatangulia, mimi nitapanda safari ijayo ya lori. Dereva anasema tutaingia asubuhi. Usinisubiri nyumbani. Tukutane sokoni, Jumamosi.

Mdogo wako,
Koma